Mayai ya kienyeji bila nyasi ni uongo tunaouza kwa trei

Nianze na swali. Wewe uliye Milimani, Kondele ama Nyamasaria, unayelipa bei ya juu kwa mayai "ya kienyeji", umewahi kuuliza hao kuku wanakanyaga nini? Na wewe msee mwenzangu unayepanga kurudi ushago kufuga kuku kwa sababu video ya dakika moja imekuambia hiyo ni pesa ya haraka, umewahi kujiuliza utawafugia kwenye nyasi gani?

Nauliza kwa sababu mimi sikujiuliza, na niliona cha mtema kuni.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Nikahangaika Kisumu miezi kadhaa, nikiandikia watu barua za kazi na kupiga picha za harusi kwa bei ya kutupa. Mwishowe nikarudi kwa nyanya, Pap Onditi, na wazo moja tu kichwani: kuku. Nyanya ana kipande cha robo ekari nyuma ya boma, na Januari hiyo kilikuwa bado kina nyasi za kufika magotini. Nikazungusha wavu, nikajenga banda la mabati, nikaleta kuku 150 wa kienyeji walioboreshwa, wenye umri wa miezi miwili. Nikapiga picha ya kwanza: kuku wekundu, nyasi kijani, jua la asubuhi. Mtandaoni watu wakanimwagia moyo.

Usidhani niliingia kichwa kichwa. Hesabu nilifanya. Robo ekari ni kama mita mraba 1,000. Nilisoma kwamba Muungano wa Ulaya hauruhusu yai kuuzwa kama la kuku huria mpaka kila kuku awe na mita mraba 4 za kutembea nje. Wangu walikuwa na zaidi ya 6. Nikajiona nimewashinda Wazungu kwa mchezo wao.

Kitu ambacho hesabu haikuniambia ni kwamba kuku hajigawi sawasawa kwenye shamba. Kuku ni ndege mwoga. Mababu zake walikuwa ndege wa msituni kule kusini mashariki mwa Asia, na mpaka leo anapenda kuwa karibu na kivuli, mbali na macho ya mwewe. Ukimfungulia mlango wa banda, atazunguka hapo hapo mlangoni. Atadonoa, atachakura, ataoga vumbi, atanya. Kesho tena, hapo hapo. Kufikia Machi, mbele ya banda palikuwa kama uwanja wa mpira wa shule: ngumu, pekundu kwa vumbi, hakuna jani. Nyuma kabisa nyasi zilikuwa zimekomaa zikawa ngumu kama nyaya, na hakuna kuku aliyezitaka.

Halafu Aprili ikaja na mvua. Mwenye kujua udongo wa huku chini Nyakach anajua mvua ikikuta ardhi tupu inafanya nini. Uwanja ukawa matope yaliyochanganyika na kinyesi, na kuku wakaanza kuhara damu. Ule ugonjwa unaitwa koksidiosisi. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi, vikapata unyevu na joto vikakomaa kwa siku moja mbili, kisha kuku akavidonoa tena pale pale. Yaani nilikuwa nimejenga kiwanda cha ugonjwa na kukizungushia wavu. Kabla dawa ishike, nilizika kuku 38.

Nyanya alikuja akasimama kwenye kona ya wavu, mikono nyuma.

"Nyakwara," akaniambia, "hizi ni kuku ama ni mbuzi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananionyesha kimfereji kidogo, upana wa mkono, pale maji ya mvua yalipokuwa yanatokea kwenye uwanja wangu kuelekea njiani. Mahali pengine hicho ni kimfereji tu. Nyakach si mahali pa kuchezea vimfereji. Kama hujawahi kufika Katuk Odeyo, nenda ukaone. Kuna makorongo pale yanayoweza kumeza nyumba, ardhi imechanika mpaka mtu anajiuliza watu walikuwa wanalima wapi. Makorongo hayo hayakuanza yakiwa makorongo. Kwanza nyasi ziliisha, maji yakapata njia, na kila mvua ikachukua chake.

Ndiyo maana jina la kwetu linaniuma siku hizi. Kwa Dholuo, "pap" ni uwanja, mbuga tambarare iliyo wazi. Pap Onditi ni uwanja wa Onditi. Nani angeuita hivyo kama ungekuwa vumbi?

Lakini sehemu ninayoionea haya zaidi si kuku waliokufa. Waliobaki walianza kutaga Juni, na mimi nikaanza kuuza. Unajua nilitangaza kwa picha gani? Ile ya Januari. Nyasi kijani, jua la asubuhi. Wateja wa Kisumu wakalipa bei ya kienyeji kwa mayai ya kuku wanaoishi kwenye vumbi na kula chakula cha gunia. Mama mmoja alinirudishia trei nzima. "Kiini ni cheupe kama cha gredi," akasema. Alikuwa sahihi. Rangi ya kiini hutoka kwa majani mabichi ama mahindi ya njano. Mahindi yetu ni meupe, na majani nilikuwa sina. Mfugaji mmoja akanishauri niweke rangi ya unga kwenye chakula, kiini kitakuwa cha machungwa kabisa. Nilikaribia kukubali, na sijasahau hilo.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wengine: ukiamua kuuza mayai ya kuku huria, wewe ni mkulima wa nyasi kwanza, mfugaji baadaye. Kama huwezi kuzipumzisha nyasi, weka kuku wako ndani, uwatunze vizuri, na uuze mayai ya ndani kwa bei ya ndani. Hiyo ni biashara halali kabisa. Kuwafungulia mlango waingie kwenye vumbi na kuita hiyo "free range" ni wizi, hata kama mwizi ni kijana anayejitafutia.

Wa kwanza kunipinga huwa anasema: "Mbona kuku wa nyanya yako walizurura tu miaka yote na hakuna aliyegawa uwanja?" Ni kweli. Lakini nyanya alikuwa na kuku kumi, na uwanja wao ulikuwa kijiji kizima. Na kuku wa asili wa kuzurura hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, kisha anaatamia na kulea. Wewe unataka kuku 100 wanaotaga karibu kila siku, wakae ndani ya wavu. Huo ni mchezo mwingine kabisa.

Wa pili anasema nyasi zitapunguza gharama ya chakula mpaka utasahau gunia. Huyu ndiye hatari zaidi. Kuku anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 60 ni kilo 7 na ushee, kwa hivyo gunia la kilo 70 linaisha kama siku kumi. Nyasi nzuri, wadudu na minyoo zitakuongezea siku moja hivi juu ya hapo. Si haba, lakini hazichukui nafasi ya gunia. Ukimnyima kuku chakula eti atajitafutia, atakung'olea kila mzizi uliopo shambani, halafu ataacha kutaga. Kazi ya nyasi ni nyingine: zinashika udongo, zinanyonya kinyesi kikawa mbolea, zinampa kuku kazi ya kufanya asidonoe wenzake, na zinalipa yai rangi yake pamoja na vitamini E na mafuta ya omega-3 zaidi ya yai la kuku asiyeona jani.

Sasa ninafanyaje? Si kwamba nimefika, lakini uwanja wangu una nyasi na hiyo picha naweza kuipiga leo.

Kwanza nilipunguza kuku hadi 60. Uliniuma kama kung'olewa jino. Kipande kile kile nikakigawa mara sita kwa nyavu kuukuu za kuvulia nilizonunua ufuo wa Kusa, zikafungwa kwenye vijiti vya kuhamisha. Banda liko katikati na lina milango pande mbili. Kuku hukaa sehemu moja kwa wiki, kisha wanahamia nyingine, kwa hivyo kila sehemu inapumzika wiki tano. Kupumzisha hakuui vijidudu vyote vya koksidiosisi, lakini jua na muda vinavipunguza, na tangu nianze sijazika kuku kwa ugonjwa huo.

Lakini wiki si sheria, nyasi ndizo sheria. Zikifupika hadi upana wa vidole vitatu, kuku wanatoka hata kama ni Jumatano. Hawarudi mpaka zifike urefu wa kiganja. Januari na Februari nyasi hazikui, kwa hivyo hakuna kuku anayetoka kwa zamu ya kawaida. Wanakaa kwenye kiuwanja kidogo karibu na banda, nilichokitandika maganda ya mpunga kutoka vinu vya Ahero, na mimi ndiye ninayewapelekea majani. Mvua kubwa ikinyesha, vivyo hivyo. Kiuwanja hicho nimekubali kukipoteza ili vile vingine sita vipone. Maganda yakishalowa kinyesi, yanakwenda kwenye sukuma wiki ya nyanya, na siku hizi haniulizi tena habari za mbuzi.

Nimepanda mipapai na ndizi huko mbali na banda, ili kuku wapate kivuli na ujasiri wa kufika. Na pembeni mwa wavu, kukinga ile njia ya maji, nimepanda desmodiamu. Kama unatoka huku unaijua: ni ule mmea ambao watafiti wa ICIPE kule Mbita waliueneza kwa wakulima wa mahindi ili kupambana na kayongo. Unatambaa, unafunika udongo, unaongeza naitrojeni. Nakata, nawapa kuku kidogo, mbuzi wa nyanya wanamaliza. Kimfereji hakijafutika, lakini mvua ya mwisho hakikupanuka.

Utaniambia, "Sawa, lakini ardhi si yangu." Najua. Yangu pia si yangu. Hati ina jina la babu, na ami zangu wana maoni yao. Vijana wengi hatupandi nyasi wala miti kwa sababu hatujui mwaka kesho tutakuwa hapo ama tutafukuzwa. Kwa hivyo kabla ya kununua kifaranga kimoja, keti na wazee, mkubaliane kipande gani na kwa miaka mingapi. Na mkubaliane pia kuhusu mbuzi na ng'ombe wa jirani, maana baada ya mavuno huku kwetu kila mfugo huona kila shamba ni lake. Kikao hicho kitakuchosha kuliko kujenga banda. Kifanye tu.

Na nyinyi mnaopenda kugawia vijana vifaranga mbele ya kamera, tunashukuru. Lakini kifaranga bila somo la malisho ni deni kwa udongo. Afadhali nusu ya vifaranga na mbegu za nyasi, na afisa wa mifugo anayerudi baada ya mvua ya kwanza, wakati kamera zimeshaenda.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu kwa bei hatuwezi kushindana. Mayai ya gredi yanashuka sokoni Kibuye kwa bei ambayo mfugaji mdogo hawezi kuigusa, mengine yametoka Uganda. Kitu pekee tulicho nacho ni neno letu kwamba kuku huyu alitembea, akala jani, akaona jua. Neno hilo likijulikana kuwa ni uongo, wateja watarudi kwa yai la bei rahisi, nasi tutabaki na mabanda matupu juu ya ardhi iliyochanika.

Kwa hivyo wewe mteja, wiki hii mwenye kukuletea mayai akija, usimuombe picha ya kuku. Muombe picha ya mahali kuku wanaposimama, ya leo, si ya Januari. Akikasirika, umeshajua. Na ukiniomba mimi, nitatuma. Sehemu ya nne bado ina upara karibu na mlango, utauona. Naushughulikia.