Chumba Chako cha Kazi Si cha Kupigwa Picha

Nianze na aibu yangu kabla sijawaambia lolote. Mwaka jana nilitumia shilingi 9,000 kutengeneza chumba cha kazi ambacho sikuweza kufanyia kazi.

Wale mmekuwa na mimi tangu mwanzo mnakikumbuka. Kuta nyeupe. Rafu nyeupe mpaka karibu na dari. Mitungi ya kioo ishirini na minne, shanga zimepangwa kutoka nyekundu mpaka nyeusi. Meza kubwa na kiti cha kuzunguka. Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka, mpaka mimi mwenyewe nikaamini kwamba nimefika. Kumbe nilikuwa nimejenga studio ya picha katikati ya Lodwar, na kazi yenyewe bado naifanyia chini, kwenye mkeka, mlangoni, miguu imenyooshwa mbele.

Kwa wageni: mimi nasuka vikapu vya majani ya mkoma, ile miti imejaa kando ya mto Turkwel. Halafu navitia bitana ya kitenge na kuvishonea mshipi wa shanga. Kwa hivyo nina kazi tatu ndani ya chumba kimoja, na hizo kazi tatu hazipendani kabisa. Majani lazima yalowekwe ndiyo yakubali kukunjwa. Ukisuka makavu yanakatika. Kitambaa nacho hakitaki kuona tone la maji. Na shanga, wewe, shanga zinataka tu kumwagika.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kuna mteja wa Nairobi aliagiza mikoba kumi na miwili ya harusi, bitana nyeupe. Mimi na chumba changu cha picha, nikawa nimetundika majani niliyotia rangi ya zambarau kwenye rafu ya juu, kwa sababu pale juu yalikuwa yanapendeza sana na kuta nyeupe. Bitana zilikuwa rafu ya chini yake. Usiku majani yakadondoka rangi polepole, tone kwa tone. Asubuhi nilikuta bitana nane zina madoa kama mtu amekula zambarau akazipangusia mdomo. Nilirudisha pesa ya watu. Na huo ndio mwezi nilikuwa nimemwambia mama sitamwomba kitu.

Na hapa ndipo kuna maneno, kwa sababu hicho chumba si changu. Ni cha mama. Tangu kaunti zianze 2013 na Lodwar ikawa makao makuu ya Turkana, chumba cha ziada hapa mjini ni pesa. Watu wa ofisi wanakuja, watu wa mashirika wanakuja, wote wanataka pa kulala. Mama ameshapata mtu wa kukilipia 3,000 kwa mwezi. Hajanifukuza, mama yangu si mtu wa hivyo, lakini aliniuliza swali moja tu: "Hiki chumba kinafanya kazi gani?" Nikakosa jibu. Nilikuwa na video. Jibu sikuwa nalo.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee watakasirika: hizo video za kupanga chumba zinatudanganya mahali pa kwanza kabisa. Zinaanza na vitu. Zinakuuliza, una uzi kiasi gani, una rangi ngapi, nunua chombo cha kutosha, bandika jina. Hakuna anayekuuliza wewe unakaaje ukifanya kazi. Unafanya saa ngapi. Nani anakukatiza. Na hayo ndiyo maswali. Vitu vitakaa popote utakapoviweka. Mwili wako haubebeki hivyo.

Chukua joto tu. Hapa mchana ni nyuzi 35 na kupanda, na ukiwa chini ya mabati bila dari ya maana, kuanzia saa tano hivi wewe ni mkate ndani ya oveni. Meza yangu kubwa ilikuwa ukutani upande wa jua la jioni. Nani alinituma? Picha ndiyo ilinituma, mwanga ulikuwa mzuri. Lakini kazi yangu mimi huenda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, halafu tena jua likilegea. Hayo masaa ya katikati ni ya kulala, ama ya kukaa kivulini na kazi ambayo inaweza kubebwa.

Nilipomlalamikia nyanya yangu, alicheka mpaka akakohoa. Kwa boma la Kiturkana la kienyeji mwanamke ana nyumba ya kulala, akai, na ana ya kushinda mchana, ekol. Na anazijenga mwenyewe kwa mikono yake. Nyanya hajawahi kuona Pinterest, lakini alijua tangu msichana kwamba mahali pa usiku hapafai mchana, na kwamba nyumba unaijenga kulingana na jua linavyotembea. Mimi na simu yangu ya kugusa niliweka kila kitu mahali pamoja na kupaka rangi nyeupe, kwa mji wenye vumbi kama huu. Wiki moja tu rafu zikawa rangi ya chai ya maziwa.

Halafu mtandaoni hakuna mtu atakwambia kuhusu nge. Rundo la majani likikaa sakafuni kwenye kona yenye unyevu, hapo umejengea nge nyumba, na wewe unakuja kuingiza mkono asubuhi ukiwa na usingizi. Mchwa nao wanakuja kwa kazi yao. Sasa hivi majani yangu makavu yananing'inia ukutani kwenye misumari, yamefungwa mafungu mafungu, na hakuna kitu chochote chini yake. Yale ya kulowekwa yako nje, kwenye beseni, chini ya mti, yamefunikwa gunia lenye maji. Chumba hakiyaoni kabisa mpaka yawe kikapu.

Lakini aliyenifungua macho kabisa ni mama mmoja wa Kakuma.

Nilienda mwezi wa pili kutafuta vitenge. Kutoka hapa ni kama kilomita 120, na ukiamka mapema unarudi siku hiyo hiyo. Kama hujawahi kufika, toa ile picha ya mahema kichwani. Kambi iko pale tangu 1992, kuna watoto waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi, na soko lake lina vitu ambavyo Lodwar utazunguka jua zima bila kuona. Huyu mama anatoka Sudan Kusini na anashona milaya, yale mashuka ya kudariziwa maua na ndege ambayo wanawake wa kwao hutandika kitandani na kupeana kwenye harusi. Shuka moja linaweza kula wiki na wiki.

Nikamwuliza anafanyia wapi. Akanionyesha mfuko. Mfuko wa nguo, wa kawaida, una kamba. Ndani kuna shuka lililokunjwa hivi kwamba ile sehemu anayoshona leo ndiyo iko juu. Nyuzi zote zimefungwa kwenye pete moja ya waya, kila rangi na kitanzi chake, anavuta bila kufungua zingine. Sindano imechomekwa palepale ilipoishia mshono. Mkasi una kamba shingoni. Basi. Tukiwa tunaongea, mtu akaita kwamba maji yametoka. Aliweka mfuko begani, akachukua mitungi, akaenda kupanga foleni. Na kwenye foleni akatoa shuka akaendelea, kama hakuna kilichotokea.

Niliangalia nikaona aibu. Mimi kuanza kazi tu kulikuwa kunanichukua nusu saa. Kushuka mitungi ya shanga, kufungua, kumimina, kutafuta sindano, kutafuta mkasi ambao mdogo wangu amekatia kucha. Na mtu akiniita, kazi imekufa, kwa sababu kurudi ni kuanza upya. Yule mama amepanga vitu vyake kwa ajili ya kukatizwa. Anajua maji yataita, mtoto ataita, jirani ataita. Hajifanyi ana siku nzima ya kimya.

Nani kati yetu ana siku nzima ya kimya? Wewe unayesoma hii kwenye chumba unacholala na ndugu wawili, wewe una "studio"? Una kona na una masaa mawili kabla mtu hajawasha TV.

Niliporudi niliacha kupanga shanga kwa rangi. Najua, hii ndiyo itawauma zaidi. Upinde wa mvua kwenye mitungi unapendeza, sikatai. Lakini mimi sijawahi kukaa chini nikasema leo nafanya nyekundu. Nakaa chini kufanya mkoba wa mtu fulani, na huo mkoba unataka nyekundu, nyeupe, na buluu kidogo. Kwa hivyo sasa napanga kwa kazi. Nina masinia sita ya bati, yale ya kuchambulia mchele. Kila oda ina sinia lake: shanga zake, uzi wake, sindano yake, karatasi ya vipimo. Likifunikwa na kitambaa, vumbi haliingii. Nikiitwa, nafunika, naenda. Jioni nabeba sinia nje, naendelea palepale. Shanga za akiba ziko kwenye makopo ya maziwa ya unga, hayaonyeshi ndani, na sijali.

Meza nimeikata miguu. Fundi wa mbao alidhani nimechanganyikiwa, aliniuliza mara mbili. Sasa iko chini, kimo cha goti, naikalia na mkeka. Cherehani peke yake ndiyo imebaki juu, karibu na mlango, na kanuni moja tu: hakuna kitu chenye maji kinavuka kizingiti.

Kuna rafiki yangu ananiambia nakosea, kwamba wateja wa siku hizi wananunua kwa macho, na chumba kizuri ni tangazo. Hapo ana pointi, siwezi kumbishia yote. Ile video iliniletea watu, na kati yao walikuwemo wateja. Lakini chumba hicho hicho ndicho kiliniharibia oda, na mteja aliyepoteza mikoba ya harusi hakumbuki rafu zangu zilikuwa nyeupe kiasi gani. Kama unahitaji picha, tandika kitenge ukutani, piga picha, kitoe. Dakika kumi. Usiishi ndani yake.

Na kama wewe ni mtu ambaye usipokiona kitu unasahau kama kipo, usinifuate mimi na makopo yangu. Weka mitungi yako ya kioo, tundika kila kitu ukutani. Dada yangu yuko hivyo, akifunga droo, kilichomo kimekufa. Mimi nikiona vitu vingi kichwa kinauma. Hatuwezi kutumia chumba kimoja, na tumeshagombana kutosha kujua.

Mama amenipa mpaka Desemba. Nimeanza kumpa 1,500 kila mwezi kutoka kwa mikoba, ambayo ni nusu ya yule mpangaji wake, na sote tunajua nusu si nzima. Lakini jana aliingia na gauni lililofumuka bega, akakaa kwenye mkeka, akachukua sindano na uzi bila kuniuliza viko wapi, akashona, akatoka. Hakusema kitu. Mimi pia nikanyamaza.

Rafu naiuza. Ni nyeupe, ngazi tano, 1,800, vumbi utapanguza mwenyewe. Iko Kanamkemer, njoo na bodaboda yenye subira.