Majalada ya zamani si ya kufungia njugu

Kabla hujampa muuza njugu rundo la magazeti aliyoacha babu, hebu lipekue kwanza. Huenda mna nakala za Joe, jarida la vichekesho lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, likakoma mwaka 1979. Jalada kama hilo hupendeza sebuleni kuliko kalenda ya duka.

Lakini usilichane! Jarida likishavunjwa halirudi kuwa zima. Litoe kopi ya rangi uitundike hiyo, na jarida lenyewe ulihifadhi pakavu, mbali na mchwa na mende.

Ukipenda kutundika lenyewe, mwambie seremala aache nafasi kidogo kati ya kioo na karatasi, maana unyevu huvigandamanisha. Usitumie gundi wala seloteipu, huacha madoa. Chagua ukuta usiopigwa na jua, kwani jua hufifisha rangi.

Kisha waulize wazee mzaha ule ulihusu nini, uandike nyuma ya fremu. Wasipokuwapo, wajukuu wataona picha tu, wasijue kilichowachekesha babu zao.