Je, Cheti Kimeombwa?

Miongoni mwa desturi zinazotudhoofisha sisi walimu, sioni iliyo mbaya kuliko ile ya kumwamuru mwanafunzi arudie kazi kabla hatujajua amekosea wapi. Mtoto akiandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, aghalabu mwalimu hutia alama ya kosa na kusema, "Rudia." Mtoto hurudia, akapata 35 vilevile, kwa kuwa anafuata kanuni yake kwa uaminifu: katika kila safu, toa tarakimu ndogo katika kubwa. Amri ya kurudia haimfunzi kitu. Kinachomfaa ni mwalimu kuketi naye na kumwuliza, "Hapa ulifanyaje?"

Jambo hili nimelihubiri darasani kwa miaka kadhaa, kisha mimi mwenyewe nikalivunja katika somo la kompyuta. Nalisimulia kwa sababu ninyi wanachuo mtakaofundisha TEHAMA mtakutana na mfano wake, na kwa sababu mwanachuo mmoja nusura aliache somo hilo kwa ajili yangu.

Tulikuwa na seva ndogo ya mazoezi. Ukurasa wa mbele ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini ukurasa wa alama ulimtaka mwombaji aonyeshe cheti cha kielektroniki, yaani hati ya kumtambulisha iliyotiwa sahihi na mamlaka ambayo seva inaiamini. (Mamlaka yenyewe nilikuwa mimi.) Kila mwanachuo alipaswa kuandika programu fupi ya kuwasilisha cheti chake na kusoma alama zake. Wakati wa likizo niliweka toleo jipya la programu ya seva. Muhula ulipoanza, mwanachuo wa kwanza kujaribu alishindwa: ukurasa wa mbele ulifunguka, ule wa alama ukamkatalia. Nilimwambia cheti chake kina kasoro, akitengeneze upya. Akatengeneza. Nikamwambia tena. Alipokuja na cheti cha tatu aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, je, seva imekiona cheti changu?"

Sikuwa na jibu. Tulifungua kumbukumbu za seva pamoja, tukakuta kwamba hakuna cheti chochote kilichofika. Cheti hakikukataliwa, hakikuombwa kamwe.

Ili kuielewa sababu, na tuufikirie ugeni. Katika HTTP/1.1, itifaki iliyotangazwa mwaka 1997, majibu ya muunganisho mmoja hutolewa kwa zamu. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa barazani bila kuulizwa hati. Akitaka kuingia chumba cha ndani, mwenyeji alisimamisha mazungumzo, akamwomba cheti, kisha wakaendelea. Kusimamisha huko kulifanywa kwa kurudia mapatano ya usalama, yale ya TLS, katikati ya muunganisho. HTTP/2 ya mwaka 2015 ikaja na desturi nyingine: maombi mengi hupita kwa pamoja katika muunganisho mmoja. Mwenyeji akiuliza cheti katikati ya sauti zote hizo, haieleweki anakiuliza kwa ajili ya ombi lipi. Kwa hiyo kanuni za itifaki hiyo zinakataza kurudia mapatano baada ya mazungumzo kuanza. TLS 1.3 ya mwaka 2018 ikaondoa kabisa kurudia mapatano. Iliweka njia nyingine ya kuomba cheti baadaye, lakini ni sharti mteja awe ametangaza tangu mwanzo kwamba anaikubali. Na mwaka 2020 njia hiyo nayo ikakatazwa waziwazi ndani ya HTTP/2.

Seva yangu ilikuwa bado inangoja kuomba cheti mlangoni mwa chumba cha ndani, kwa desturi ya zamani. Tulilithibitisha hilo kwa kubadili jambo moja tu kila mara. Kwanza tuliilazimisha programu itumie HTTP/1.1, ikakataliwa bado, safari hii kwa jibu la namba 403. Wengi wangeishia hapo na kusema itifaki haina hatia. Tukaiacha HTTP/1.1 mahali pake, tukaizuia programu isivuke TLS 1.2. Ukurasa ukafunguka. Vizuizi vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kama tungebadili yote kwa mkupuo tusingalijua hivyo.

Niongeze tahadhari moja. Katika TLS 1.3 mteja humaliza sehemu yake ya mapatano kabla seva haijakihukumu cheti chake. Cheti kikiwa kibovu kweli, programu yaweza kudhani imekaribishwa, ikatuma ombi lake, kisha ikaangukia kwenye mstari wa kusoma jibu. Mwanafunzi atauchunguza mstari huo siku nzima, nao hauna kosa. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa 52 kutoa 27: jibu limeharibika kwenye makumi, lakini kosa lilianzia kwenye mamoja.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba darasa la watoto sabini halina nafasi ya uchunguzi wa namna hii. Nawaelewa, nimefundisha madarasa hayo. Lakini nilimpotezea mwanachuo yule siku nne kwa vyeti vitatu, ilhali kufungua kumbukumbu za seva kulichukua dakika tano. Wala sisemi kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe TLS. Nasema kwamba mwalimu wake awe amezoea kuuliza kazi ilifika wapi kabla ya kuuliza nani kakosea, na mazoea hayo hayana budi kuanzia hapa chuoni, mbele ya wanachuo, hata pale ambapo mkufunzi ndiye anayeumbuka.

Hatukuziacha itifaki mpya. Ukurasa wa alama tuliuhamishia kwenye jina lake peke yake, ambako seva huomba cheti tangu hodi ya kwanza, kabla ya ombi lolote. Kisha mwanachuo aliondoa vizuizi vyote katika programu yake na kuijaribu mbele ya darasa. Alitumia kile cheti cha kwanza, nilichomwambia akitupe. Kilipita.