KORONA IMEPITA, MIOYO HAIJAPONA



Watu wengi husema mambo ya Korona yamepita, basi yasitajwe tena. Sisi twasema sivyo. Homa ilipita, lakini yale yaliyoingia akilini mwa watu hayakutoka siku moja na homa. Tena hayakuwa jambo moja tangu mwanzo hata mwisho. Yalibadilika, na msaada nao ulipaswa kubadilika.

Kwanza ilikuwa hofu. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 27 amri ya kutotembea usiku ikaanza. Wakati huo mtu alitaka habari za kweli, maana uvumi ulikuwa mwingi. Alitaka sabuni na barakoa, na kujua kwamba akikohoa hatafukuzwa kazi. Aliyepata hayo aliweza kulala.

Kisha yakaja mashaka ya riziki. Mwezi wa Aprili magari ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa yalisimamishwa hata Julai, lakini ya mizigo yaliendelea. Wengine wetu walikaa nyumbani wakihesabu siku, wengine walikwenda kazini wakiogopa kuwarudishia watoto ugonjwa. Mtu asiye na posho hukasirika, na hasira yake huwaangukia mke na watoto. Huyo ukimwambia “Jipe moyo” humsaidii kitu. Dawa ya akili yake ilikuwa mshahara na kodi ya nyumba.

Halafu ikaja huzuni. Wafu walizikwa upesi, na watu wachache tu makaburini. Wengine hawakufika kwao kwa sababu njia zilifungwa. Sisi tumezoea matanga, kukaa na kulia pamoja mpaka moyo upoe. Aliyekosa hayo alihitaji mtu wa kuketi naye, hata kama mwaka umekwisha pita.

Mwisho ukaja uchovu. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Shirika hilo lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona, wasiwasi na huzuni nzito viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Lakini kila mtu wa reli ajua kwamba gari refu la mizigo halisimami papo hapo breki inapofungwa. Moyo ni vivyo hivyo. Wako waliosimama imara wakati wa hatari, wakaanguka baadaye. Usingizi hawapati, pombe imezidi, na wenzao huwacheka kwamba wamekuwa wavivu. Wakati wa hofu matangazo yalibandikwa kila ukuta. Wakati wa uchovu hakuna aliyeuliza.

Wako watakaosema kazi ya chama ni mshahara, si mambo ya moyo. Twawajibu: yule asiyelala usiku ndiye akabidhiwaye injini asubuhi, na kosa lake moja ni roho za watu.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. La kwanza, mapatano yetu na waajiri yaweke mshauri ambaye mfanyakazi aweza kumwona kwa siri. La pili, ugonjwa wa akili upewe likizo sawasawa na mguu uliovunjika. La tatu, kila tawi lichague watu wawili wa kuwatembelea wenzao waliopatwa na msiba, si wiki ya kwanza tu, bali hata mwaka wa pili na wa tatu.

Mawili ya kwanza yatahitaji mazungumzo marefu na wakubwa wa kazi. La tatu halihitaji ruhusa ya bwana yeyote. Twaweza kulianza katika mkutano ujao wa tawi.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tusifiche, wala tusimcheke asemaye.