SAFU YA ELIMU: Joto Lisilopimika kwa Mkono



Kwetu mzazi humwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso, akasema ana homa. Lakini kiganja kilichotoka kwenye baridi ya Januari hapa Eagan huona kila paji kuwa la moto.

Wataalamu nao wana mahali wasipoweza kutia mkono. Kipimajoto cha kawaida hakifai kuwekwa ndani ya mlipuko, kwani huvunjika kabla hakijasoma. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ng'ambo ya mto kutoka kwetu, Profesa Joseph Talghader na wenzake wametumia punje za fuwele ndogo mno, ambazo hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Kwanza punje hupigwa mnururisho, na elektroni zake hunaswa mfano wa samaki katika madema. Joto likizifikia, zilizonaswa kwa udhaifu hutoroka mwanzo. Zilizonaswa kwa nguvu hubaki. Kisha punje huokotwa na kupashwa moto taratibu maabarani, na elektroni zilizosalia hutoka zikitoa nuru. Kwa kuichunguza nuru hiyo, mtaalamu hutambua joto ambalo punje ilipitia. Ni nuru ya aina hiyo hiyo inayowasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa vigae vya vyungu vya kale.

Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walikwenda mbali zaidi: waliingiza vijipunje vya almasi na dhahabu ndani ya seli moja ya binadamu. Dhahabu ilipashwa moto kwa leza. Almasi, kwa nuru yake, ikaonyesha joto la pale ilipokuwa.

Nyumbani hatuhitaji almasi. Kipimajoto cha duka la dawa chatosha. Ila kikumbukwe kwamba hapa husomwa kwa Farenhaiti: 98.6 ni sawa na 37 ya Selsiasi tuliyoizoea, na 100.4 ni sawa na 38. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi 3 akifikia 100.4, apigiwe daktari simu mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Nasi ambao Kiingereza hutuponyoka wakati wa hofu, tuitaje namba hiyo kwanza. Namba haihitaji mkalimani, na muuguzi aliye upande wa pili wa simu ataielewa.