Dakar si mbali, tumeifanya iwe mbali

Hivi jamani, ni nani aliyetudanganya kwamba Dakar ni mbali kuliko London? Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere pale Dar mpaka Uwanja wa Blaise Diagne, Senegal, ni kama kilomita 6,650 ukipiga mstari ulionyooka. Heathrow ni kama 7,500. Ndege inayokwenda kilomita 850 kwa saa ingekufikisha Dakar kwa saa nane hivi. Unalala Dar, unaamkia Dakar.

Sasa jaribu kwenda. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Ukipitia Dubai, unapanda karibu kilomita 4,000 kaskazini, halafu unageuza magharibi kilomita 7,500 nyingine. Jumla ni 11,500! Ukipitia Istanbul ni kama 10,700. Hapo sijahesabu saa za kusinzia kwenye viti vya uwanjani. Yaani Mwafrika anatoka nje ya bara lake ili aingie kwenye bara lake.

Mtaniambia Nairobi na Addis Ababa zipo. Zipo, na hongera zao. Lakini bara lenye nchi zaidi ya 50 haliwezi kutegemea milango miwili, mitatu.

Wapo pia wataalamu wanaosema abiria wa Dakar hawapo. Hoja hii inanichekesha. Abiria anayekata tiketi ya kupitia Istanbul mnamwona anaelekea Uturuki, kisha mnauliza wa Senegal yuko wapi! Daraja halipimwi kwa idadi ya watu wanaovuka mto kwa kuogelea.

Na msisingizie ndege. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar Julai 2018, na Boeing wenyewe wanasema aina ile inaruka zaidi ya kilomita 13,000. Dakar ni nusu tu ya hapo.

Tatizo ni vibali na kodi. Mwaka 1999 serikali za Afrika zilikubaliana kule Yamoussoukro kufunguliana anga. Mwaka 2018 zikakutana Addis Ababa kuzindua soko moja la usafiri wa anga, yaani jambo lilelile! Miaka 19 kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kila serikali inalinda shirika lake kama mtu anayelinda banda la kuku wasiotaga, huku tozo zikirundikwa kwenye tiketi kana kwamba kila anayepanda ndege ni tajiri.

Wanaoumia ni mfanyabiashara wa vitenge, mwanafunzi na mwanamuziki aliyealikwa kwenye tamasha. Wakubwa wanaosaini mikataba hiyo hawaumii, kwani tiketi zao tunawalipia sisi.

Kwa hiyo msiniambie tena habari za umoja wa Afrika kwenye hotuba. Nionyesheni ratiba ya ndege. Pale ndipo umoja unapoonekana, au unapokosekana.

Mnasemaje?