Maumivu Baada ya Upasuaji Nayo ni Suala la Haki

Tunapozungumzia haki hapa Simiyu, tumezoea kutaja mizani ya pamba, mipaka ya mashamba na urithi wa wajane. Ni mara chache tunataja yale yanayotokea usiku katika wodi ya wanawake baada ya upasuaji. Katika kuwatembelea wagonjwa tumewakuta akina mama wakiuma khanga ili kilio chao kisisikike. Tulipomwuliza mmoja wao kama aliomba dawa, alitujibu: “Padre, nimeambiwa nivumilie, mimi ni mwanamke.” Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Wataalamu wa usingizi duniani wanajadili kwa makini ni dawa ipi ya jamii ya afyuni imfaayo zaidi mwanamke anayepasuliwa kwa njia ya matundu madogo, kwa mfano ili kuondoa uvimbe katika ovari. Katika upasuaji huo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha kamera na vifaa vyembamba hupitishwa katika matundu hayo. Kidonda huwa kidogo, lakini maumivu yapo. Gesi hiyo husumbua msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mama huamka akilalamikia hata bega. Wengi wetu hatutafanyiwa upasuaji wa namna hiyo hapa Bariadi, lakini mjadala huo una funzo kwetu.

Dawa zenyewe si sawa. Mofini, itokanayo na utomvu wa mpopi, ilitengwa huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, na dozi yake hutuliza kwa saa 3 au 4. Pethidini huisha mapema zaidi, na masalio yake yakilundikana mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, yanaweza kuleta degedege. Fentanili, iliyobuniwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1960, ina nguvu inayokaribia mara 100 ya mofini, uzito kwa uzito. Hata hivyo, nguvu hiyo maana yake ni kwamba hutolewa kwa kipimo kidogo sana, wala si kwamba inatibu vizuri zaidi. Dozi moja ndogo hudumu nusu saa hadi saa moja. Remifentanili, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, huyeyuka katika damu kwa dakika chache tu. Zote huweza kuleta kichefuchefu, na zote zikizidi hudhoofisha pumzi.

Sasa tutafakari. Dawa iondokayo upesi humsaidia mtaalamu kumwamsha mgonjwa bila kuchelewa. Lakini kama hakuandaliwa dawa nyingine ya kuipokea, maumivu humrudia mama kwa ghafla. Kwa maoni yetu, basi, haitoshi kuuliza ni dawa ipi iliyo bora ndani ya chumba cha upasuaji. Yatupasa kuuliza pia nani atakuwa kando ya kitanda usiku wa manane, na mkononi atakuwa na nini. Swali hilo linamhusu sana mama aliyejifungua kwa upasuaji. Ganzi ya mgongo humlinda wakati wa kupasuliwa, lakini baada ya saa chache huisha, na hapo ndipo mateso yake huanza.

Mofini si dawa ya gharama kubwa. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Takwimu hizo ni za miaka ya 2010 hadi 2013, na wakati huo Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi hizo. Huu ni mgawanyo usio wa haki.

Tunakiri kwamba hofu ya dawa hizi ina msingi. Marekani imewazika watu wengi kwa sababu ya matumizi mabaya, na sheria yetu ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya haikutungwa bure. Lakini mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizi unatambua pia kwamba tiba haiwezi kuziacha. Kumpa mama dozi iliyopimwa, kwa siku chache, chini ya macho ya muuguzi, si sawa na kuuza unga mitaani.

Wako wanaodhani kwamba Kanisa linamtaka mgonjwa ateseke. Sivyo. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizi, na kwamba Mkristo hana wajibu wa kuyakataa matulizo. Mtu anaweza kuyatolea mateso yake kwa hiari. Lakini kumlazimisha mwingine avumilie, hali dawa ipo kabatini, si fadhila bali ni uonevu.

Tusiwatupie wauguzi lawama. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima hawezi kuhesabu pumzi za kila aliyechomwa mofini, naye akiogopa tunamwelewa. Tunawaomba viongozi wa walei, WAWATA na wote wanaoketi katika kamati za vituo vya afya na hospitali waulize kwa adabu, tena bila kuchoka: Je, dawa ya maumivu makali ipo? Je, naloksoni, inayorudisha pumzi dozi ikizidi, ipo? Oksijeni ipo? Wauguzi wa zamu ya usiku wanatosha? Nanyi akina baba, mke anapopelekwa kupasuliwa, ulizeni kabla: akiamka na maumivu, atapewa nini, na nani?

Yule mama alipewa dawa alfajiri, akalala. Kilichokosekana usiku kucha ni mtu wa kumwombea dawa hiyo. Katika jumuiya zetu, mtu huyo asikosekane tena.